Bei ya dola, bei ya sabuni: shajara ya tasnifu, Moshi

Machi 2025, wiki ya kwanza

Mada imepita. Idara imeikubali baada ya kuikatakata, na sasa inasomeka hivi: mshuko wa thamani ya shilingi na mfumuko wa bei Tanzania, 1966 hadi 2024. Nimeanzia 1966 kwa sababu ndipo Benki Kuu ilipofunguliwa na shilingi yetu wenyewe ikaanza kutumika. Msimamizi wangu anasema kipindi ni kirefu mno kwa tasnifu ya uzamili. Mimi nasema takwimu zetu ni za mwaka kwa mwaka, na ukikata kipindi unabaki na nukta chache zisizoweza kukuambia lolote. Tumekubaliana nianze, mabishano yatakuja yenyewe.

Shajara hii nawaandikia wenzangu wanaosoma usiku baada ya kazi, hasa wanaoniuliza uchumi jumla wa nchi zinazoendelea unatofautianaje na uchumi jumla wenyewe. Hesabu ni zile zile. Kinachotofautiana ni vile vitu ambavyo modeli ya kawaida inavichukulia kuwa vipo: soko la hatifungani ambalo kila mtu anaweza kuingia, serikali inayokopa nje kwa sarafu yake yenyewe, bei zinazopanda na kushuka bila kuzuiwa. Eichengreen na Hausmann mwaka 1999 waliliita hilo la sarafu "dhambi ya asili": nchi haina kosa lolote ililofanya jana, ila wakopeshaji wa nje hawataki deni lililoandikwa kwa shilingi. Basi shilingi ikishuka, deni linanenepa siku hiyo hiyo. Jina la kikanisa kidogo, lakini limeshika.

Machi, wiki ya tatu

Mlinganyo wa Euler. Mchana mimi ni afisa mikopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja hapa mjini, kwa hiyo huu nimeusoma kwa jicho la ofisini. Unasema mtu hugawa matumizi yake kati ya leo na kesho kwa kutazama riba: ikipanda, anaahirisha kula leo. Sawa, lakini riba ipi? Riba ya Benki Kuu ni asilimia 6 tangu Aprili 2024. Mabenki yanakopesha kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Sisi tuna yetu, na kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu kina yake, ambayo ukiizidisha kwa mwaka utashika kichwa.

Halafu kuna jambo ambalo nimelishuhudia kila Januari, ada za shule zikidaiwa. Mwanachama akija dirishani haulizi riba kwanza. Anauliza, "Dada, napata ngapi?" Kwa kanuni yetu anapata hadi mara tatu ya akiba yake, na wadhamini wawe tayari. Akibanwa, anabanwa na kiwango, sio na bei ya mkopo. Katika modeli hilo linaandikwa kama kizuizi cha ukopaji, na palipo na kizuizi hicho mlinganyo wa Euler unaacha kuwa usawa, unakuwa "si chini ya". Alama moja inabadilika na sera ya riba inapoteza sehemu ya nguvu yake. Benki Kuu ilipohama Januari 2024 kutoka kudhibiti kiasi cha fedha kwenda kutumia riba, ilihamia kwenye chombo ambacho kinamfikia mwanachama wangu kwa kuzunguka sana. Sisemi ilikosea. Nasema mzunguko huo ndio wa kupima.

Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: pale bei isipofanya kazi, tafuta foleni. Sijui bado nitaitumia wapi.

Aprili, wiki ya kwanza

Sura ya nadharia. Wiki nzima nimekaa na Polak, na sijutii. Jacques Polak alikuwa mchumi wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na modeli yake ya 1957 ndiyo mzizi wa hesabu ambazo shirika hilo limezitumia kwa miongo kuzipangia nchi masharti. Ni ndogo kiasi cha kuandikwa mgongoni mwa bahasha. Fedha iliyoko mikononi mwa watu inatoka mahali pawili tu: akiba ya fedha za kigeni iliyoko Benki Kuu, na mikopo ambayo mabenki yameitoa ndani, serikali ikiwa mkopaji mmojawapo. Kiasi ambacho watu wanataka kushika kinategemea pato lao. Kwa hiyo serikali ikikopa Benki Kuu zaidi ya kiasi ambacho watu wanataka kushika, ziada haikai. Inatoka kununua bidhaa za nje, na akiba ya dola inapungua kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana sharti la kwanza la IMF huwa kikomo cha mikopo ya serikali.

Nimeijaribu kwa mwaka 1978 na inakaa vizuri ajabu. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na kufikia mapema 1977 ratili ya kahawa ilikuwa zaidi ya dola 3. Tanzania ikajaa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 1978 serikali ikalegeza vibali vya kuagiza bidhaa, akiba ikaanza kuyeyuka, na Oktoba majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka wa Kagera. Vita inalipiwa kwa mikopo ya Benki Kuu. Kisha 1979 mafuta yakapanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika 1977, kwa hiyo reli, ndege na bandari tulikuwa tunavianza upya kwa pesa zetu. Hakuna haja ya kumtafuta mchawi mmoja.

Sasa utamu wenyewe. Polak anadhani ziada ya fedha inaweza kutoka. Sisi baada ya 1978 tuliziba mlango: vibali vya kuagiza vikakazwa, bei zikapangwa na serikali, dola ikabaki na bei ya kwenye karatasi. Fedha iliyozibiwa mlango inakwenda wapi? Modeli haisemi, na hapo ndipo tasnifu yangu inapoanza kupata kazi ya kufanya.

Aprili, baada ya Pasaka

Kibosho, kwa mzee aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi. Nimepelekwa na binti yake ambaye ni mwanachama wetu. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, karibu, kaa." Ndizi, maziwa, halafu daftari.

Daftari zenyewe ni hazina. Kilo za kahawa ya maganda kwa kila mkulima, msimu kwa msimu, malipo ya awali, ya pili, ya mwisho. Katikati zinabadilisha mmiliki: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wa tangu 1933, ikiwemo, kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya serikali na kijiji kikawa ndicho kinachokusanya. Sheria ya kurudisha ushirika ikaja 1982. Kwa maneno mengine, neema kubwa ya bei katika historia ya mkulima wa Kilimanjaro ilifika mwaka mmoja baada ya chombo chake kuvunjwa. Kenya waliacha bei ya dunia ifike kwa mkulima. Kwetu sehemu kubwa iliishia kwenye kodi na makato ya mamlaka. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 na haukufunguliwa hadi 1983, lakini upande wa Rombo kahawa ilijua njia za usiku.

Nilimuuliza kwa nini kilo zinapungua miaka ya themanini ya mwanzo hata pale bei ya mkulima ilipoongezwa. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua ina maji. "Mwanangu, hela ungeipeleka wapi? Dukani kulikuwa na nini? Sabuni hakuna, sukari kwa kugawiwa, khanga mpaka umjue mtu. Nilikuwa na noti, nimezifunga kwa kamba."

Bevan, Collier na Gunning walilichunguza jambo hili hili katika vijiji vya Tanzania miaka ya themanini na wakaliwekea hesabu. Mkulima anauza zao la biashara ili apate bidhaa za dukani. Duka likiwa tupu, shilingi ya ziada haina cha kununua, kwa hiyo anauza kiasi cha kutosheleza kodi, ada na kile kidogo kinachopatikana, muda uliobaki anaupeleka kwenye migomba. Ukimwongezea bei, anafikia kiasi chake kwa kilo chache zaidi. Kahawa inapungua, dola zinapungua, bidhaa za kuagiza zinapungua, duka linazidi kuwa tupu. Mzunguko unajisukuma wenyewe kwenda chini.

Ningependa kuandika kwamba daftari la Kibosho linathibitisha. Haliwezi kuthibitisha, peke yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyenikumbusha mrututu, dawa ya kupulizia mibuni. Chulebuni, ugonjwa wa kahawa, inaua matunda ya kahawa machanga usipopuliza dawa, na dawa zinaagizwa nje. Dola zikikosekana, mrututu unachelewa au haufiki kabisa, na kilo zinashuka hata kama mkulima ana hamu yote ya kuuza. Hivyo uhaba wa dola unapunguza kahawa kwa njia mbili, moja kupitia duka na moja kupitia bomba la kupulizia, na daftari linaonyesha jumla yake tu. Ili kuzitenganisha ningehitaji rekodi ya dawa zilizogawiwa kila msimu. Binti yake ameahidi kutafuta kwenye stoo ya chama.

Kuhusu 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, mzee alisema mambo mengi ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa majirani wangali hai.

Mei, wiki ya pili

Cleopa Msuya amefariki tarehe 7, na wiki hii wamemzika Usangi. Redio imesema waziri mkuu mara mbili, na ni kweli. Kwa mradi wangu yeye ni waziri wa fedha wa 1986, aliyesoma bajeti ya Juni ile ambayo dola ilitoka shilingi 17 hivi kwenda 40 kwa mkupuo mmoja. Makubaliano na IMF yakafuata mwaka huo huo.

Kufika hapo haikuwa rahisi. Mwanzoni mwa 1980 Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi ni tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa, na katikati ya mwaka huo hapo Arusha ukafanyika mkutano wa kudai mfumo mpya wa fedha duniani. Hoja ya upande wa Mwalimu dhidi ya kushusha shilingi ilikuwa na akili: tunaagiza mafuta, vipuri na dawa, dola ikipanda bei vyote vinapanda, maskini ndiye anayelipa. Kila kitabu cha mwaka wa kwanza kingekubali.

Tazama sasa kilichotokea. Mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka kabla ya 1986. Dola ilitoka 17 ikafika wastani wa karibu 195 mwaka 1990. Ni zaidi ya mara kumi. Na mfumuko wa bei katika miaka hiyo ulibaki hapo hapo karibu na asilimia 30. Haukulipuka.

Kwa nini? Kwa sababu bei ya sabuni haikuwa imepangwa kwa dola ya 17. Tangu 1984 serikali ilikuwa imeruhusu mtu mwenye dola zake kuagiza mali bila kuulizwa amezitoa wapi, na dola hizo zilikuwa za ulanguzi, mara kadhaa ya bei ya Benki Kuu. Sabuni ilipoonekana dukani ilikuwa na bei ya dola ile. Bajeti ya 1986 iliisogeza bei ya karatasi kuelekea bei ambayo wanunuzi walikuwa wakiilipa tayari. Waliopoteza zaidi ni waliokuwa wakipata vibali vya dola ya 17.

Hiyo ndiyo hoja yangu, nimeshaiona. Maandishi mengine yote ni kuitetea.

Mei, wiki ya nne

Mabishano yaliyosubiriwa. Dokta, msimamizi wangu, anataka niweke kigeugeu (namba ya kutofautisha vipindi) cha mwaka 1986, sifuri kabla na moja baada, kisha nifanye regresheni, yaani hesabu ya kutafuta uhusiano, ya miaka yote, basi. "Wenzako wote wanafanya hivyo, mama. Mtahini wa nje atakuelewa haraka."

Nimemwambia kigeugeu kinadhani kwamba uhusiano ni ule ule ila umeruka ngazi moja. Kabla ya 1986 bei rasmi ya dola na fahirisi ya bei za bidhaa zilizodhibitiwa zilikuwa zinapima maamuzi ya ofisini. Kuzitafutia uhusiano ni kupima homa ya mgonjwa kwa kipimajoto kilichokaa kwenye barafu. Akanyamaza, akasema, "Sawa, sasa ungependekeza nini?" Huyo ndiye ninayempenda.

Tumekata hivi. Sura ya nne itakuwa ya 1966 hadi 1986, kwa simulizi na viwango: kilo za kahawa, akiba ya dola, mikopo ya serikali. Hakuna regresheni. Sura ya tano inaanza Julai 1994, baada ya soko la fedha za kigeni baina ya mabenki kuanza. Maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa kwa sheria ya 1992, kwa hiyo kufikia 1994 dola ina bei ambayo mtu anaweza kuinunua kweli. Miaka minane ya katikati nitaieleza kwa kurasa chache.

Juni, wiki ya kwanza

Takwimu za robo mwaka zimepangwa. Kuunganisha fahirisi za bei kumekula wikendi mbili, kwa kuwa kapu linabadilishwa kila baada ya miaka na uzito wa vitu haulingani. Katika kapu la sasa, la mwaka wa kizio 2020, chakula na vinywaji visivyo kilevi vina asilimia 28.2. Kwa Moshi hilo lina maana moja: mahindi na ndizi vinafuata mvua, havifuati dola. Ukitaka kuiona dola ikipita, anza kwenye mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila mwezi, petroli yetu ya Kaskazini inapitia Tanga, kisha inakuja nauli ya daladala, kisha bei ya saruji. Kila hatua inachelewa.

Juni, wiki ya tatu

Arusha siku moja kwa basi la asubuhi, kuzungumza na wahasibu wawili wa kampuni za utalii na muuza vipuri mmoja wa mtaa wa Unga Limited. Kisa: uhaba wa dola wa 2023 na 2024.

Takwimu rasmi zinasema hivi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na ushee. Vuli ya 2024 ilipita 2,700, kisha Desemba ikarudi chini ya 2,400. Kupanda kule ni zaidi ya asilimia 15. Mfumuko wa bei kwa wakati huo? Asilimia 3.8 mwaka 2023, 3.1 mwaka 2024. Magazeti yaliandika kwamba bei zetu haziguswi na dola, na wapo wanafunzi wanaoandika hivyo hivyo.

Muuza vipuri hakuwa na subira na hilo. Kwa mwaka 2023, alisema, bei iliyobandikwa benki ilikuwa nzuri sana, ila dola yenyewe hupati. Unajaza fomu, unapanga foleni, unaambiwa rudi wiki ijayo. Mwenye mzigo bandarini anayelipa gharama za kila siku hawezi kurudi wiki ijayo. Alinunua kwa mtu, kwa bei ya mtu, na bei hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye breki na vipuri vingine vya magari. Benki ilipoanza kupandisha, yeye hakupandisha chochote. "Mimi nilishapandisha zamani, dada."

Wahasibu wa utalii walikuwa upande wa pili wa foleni hiyo: wao ndio wenye dola. Mmoja alikiri waziwazi kwamba walizishikilia wakingoja zipande, kama ilivyofanya kila kampuni anayoijua. Kanuni zilizotangazwa mwishoni mwa Machi mwaka huu zinakataza kutaja na kupokea bei za ndani kwa fedha za kigeni, na walikuwa bado wanabadilisha mikataba ya kupangisha ofisi. Mgeni kutoka nje anabadilisha dola zake kwanza au analipa kwa kadi.

Ukubwa haufanani na 1986 hata kidogo. Pengo la 2023 lilikuwa dogo, la 1985 lilikuwa jitu. Mazao yalikuwa mazuri, mafuta yalikuwa yameshuka bei duniani tangu 2022, na hayo mawili yanaeleza sehemu kubwa ya utulivu wa bei. Lakini utaratibu ni ule ule: dola rasmi inapogawiwa kwa foleni, bei zinahama mapema zikifuata dola nyingine, na mwanatakwimu anayetazama dola rasmi anakuja kuona mshuko bila mfumuko. Anahitimisha kwamba shilingi inaweza kushuka bure. Siku ambayo hakuna foleni, na shilingi ikashuka kwa kishindo, hitimisho hilo litamgharimu.

Julai, wiki ya kwanza

Kamati ya Sera ya Fedha imeshusha riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Kwenye SACCOS yetu hakuna aliyeuliza.

Modeli ya VAR, inayotazama namba kadhaa zinavyosukumana kwa muda, imetoa majibu. Vigeugeu, yaani vitu vinavyopimwa, ni vinne: bei ya mafuta duniani, bei ya dola, kiasi cha fedha, mfumuko wa bei. Mpangilio wa vigeugeu unabadilisha majibu kuliko nilivyopenda, hasa nikiweka fedha mbele ya dola. Sehemu ya mtikisiko wa dola inayofika kwenye bei ni pungufu ya moja na inachelewa kwa robo kadhaa, kama tafiti nyingine za kwetu zilivyokwisha kuonyesha. Sina cha kujivunia hapo bado. Kipya kitakuwa kuingiza kipimo cha foleni: Dokta amependekeza tofauti kati ya bei ya kununua na kuuza kwenye maduka ya fedha, au kiasi kinachouzwa kila mwezi katika soko la mabenki. Mimi naegemea kwenye kiasi, kwa kuwa duka linaweza kubandika bei yoyote wakati droo haina kitu.

Julai, wiki ya tatu

Sura ya nne imekabidhiwa. Dokta ameirudisha na maoni, mengi yakiwa kwenye kurasa za Polak: anataka niandike wazi kwamba modeli inahusu sarafu yenye bei iliyofungwa, na nieleze kwa aya moja kinachobadilika inapoachwa ielee. Ni haki yake. Amefuta pia neno "hazina" nililolitumia kwa daftari za Kibosho, akaandika "chanzo".

Binti wa mzee amepiga simu. Stoo ya chama imefunguliwa na kuna mafaili ya mgao wa mrututu, ila yanaanzia 1984, baada ya ushirika kurudi. Ya kipindi cha mamlaka yalichukuliwa, hakuna anayejua yalikopelekwa. Kwa hiyo njia mbili za uhaba nitaweza kuzitenganisha kwa misimu ya mwisho tu kabla ya 1986, na nitasema hivyo kwenye sura yenyewe. Jumamosi napanda Kibosho na simu yenye chaji ya kutosha kupiga picha za kurasa zote.